Hidrojeni ya sukari na samadi: Miti inahitaji gazi gani kwanza?

Kwa miaka michache sasa jina la hidrojeni limeingia katika mazungumzo ya wakubwa. Mwezi wa Septemba 2023, kule Nairobi, serikali ya Kenya ilitangaza mpango wake wa taifa wa hidrojeni ya kijani. Kwetu Kongo, kampuni ya Fortescue kutoka Australia ilikuja kuongea na Kinshasa juu ya Inga, ikiwaza kugeuza umeme wa mto mkubwa kuwa hidrojeni ya kuuza ngambo. Hizo ni hesabu za mabilioni ya dola, na mtu wa Miti anazisikia tu kwenye redio.

Lakini kuko na njia nyingine, ndogo, ambayo inamgusa mfugaji moja kwa moja: kutoa hidrojeni kwa kuchachisha sukari pamoja na mavi ya mifugo. Haitaki bwawa, haitaki mto. Inataka tangi lililofungwa vizuri, vijidudu, na kitu kitamu cha kuvilisha. Mtu akisikia hivyo huku anaangalia zizi lake nyuma ya nyumba, lazima ajiulize: je, haya mavi ya ng'ombe wangu wawili ni petroli ya kesho?

Tunataka kujibu swali hilo bila kumcheka mtu na bila kumdanganya mtu. Elimu yenyewe ni ya kweli. Lakini hesabu ikifanywa vizuri, inaonyesha kwamba kusimama kwenye hidrojeni ni kukata kazi katikati, na kwamba Miti inahitaji ile kazi iende mpaka mwisho. Na kuko kitu kikubwa nyuma ya hesabu hii: pori la Kahuzi, mgongo wa mama anayebeba kuni, na gunia la makala linalopanda bei Bukavu.

Uchachu tunaujua tangu zamani

Mtu wa Kabare hahitaji darasa refu juu ya uchachu. Ndizi zinaiva, zinakamuliwa, juisi inatiwa unga wa mtama uliokaangwa, inafunikwa, na kesho yake povu iko juu. Hiyo ndiyo kasiksi. Ndani yake hamira imekula sukari ya ndizi, ikatoa pombe na ile hewa inayofanya povu.

Hidrojeni inatoka kwa namna ya ndugu yake. Mahali pa hamira wanaingia vijidudu vingine, wale wa jamii ya Clostridium, ambao hawapendi hewa ya nje hata kidogo. Wamejaa katika udongo na katika mavi ya wanyama. Ukivifungia na sukari mahali pasipo hewa, vinakula na kutoa gazi mbili: hidrojeni na gazi kaboniki. Chini kunabaki maji makali yenye asidi, moja ikiwa ile ile ya siki, nyingine ikinuka kama siagi iliyooza.

Sasa, kwa nini ukifungia mavi kwenye tangi la kawaida hupati hidrojeni? Kwa sababu ndani ya mavi kuko pia kundi la pili la vijidudu. Hilo linachukua hidrojeni na asidi zilizotoka kwa kundi la kwanza na kuzigeuza metani, ile gazi inayowaka katika matangi ya biogazi. Kwa hiyo mwenye kutaka hidrojeni analazimika kulizuia kundi la pili. Katika maabara wanachemsha mavi kwanza: Clostridium inajificha ndani ya ganda gumu na kuokoka, wale wa metani wanakufa. Kisha wanaliweka tangi kwenye joto la digrii 35 ao zaidi, na wanachunga ukali wa asidi usiteremke wala kupanda sana.

Tuweke hilo akilini. Hidrojeni ni kituo cha katikati. Vijidudu vyenyewe, vikiachwa, vinaendelea mpaka metani. Ziwa letu la Kivu ni ushahidi mkubwa: chini yake kumelala karibu kilomita kyubu 60 za metani, na sehemu kubwa ya hiyo imetengenezwa na vijidudu kama hivi, mwaka kwa mwaka, bila fundi.

Kilo moja ya sukari inatoa nini?

Hapa tunaomba ndugu msomaji ashike kalamu pamoja nasi.

Kilo moja ya glukozi, yaani sukari safi kabisa, ikichachishwa kwa njia ya hidrojeni na kila kitu kikienda sawa, inatoa karibu litre 500 za hidrojeni. Inaonekana nyingi, lakini hidrojeni ni gazi nyepesi kuliko zote: litre zote hizo zina uzito wa gramu 45 tu. Nguvu iliyo ndani yake ni sawa na ile ya gramu 180 za makala hivi. Na hicho ni kipimo cha juu kabisa, kile ambacho kemia inaruhusu. Katika kazi ya kweli watu wanapata nusu yake, mara nyingi hata chini ya nusu. Maana yake, kilo nzima ya sukari inakupa moto wa konzi moja ya makala.

Nguvu iliyobaki imeenda wapi? Haikupotea. Iko katika yale maji ya asidi ambayo yamebaki chini ya tangi.

Chukua sasa kilo ile ile, uiache iende mpaka metani. Kipimo cha juu ni karibu litre 370 za metani, na nguvu yake inafika gramu 450 za makala. Ni mara mbili na nusu, kwa sukari ile ile, katika tangi rahisi zaidi, bila kuchemsha kitu. Hii ndiyo sababu tunasema kusimama kwenye hidrojeni ni kukata kazi katikati.

Ng'ombe amekula wa kwanza

Kuko jambo lingine ambalo wenye kusifu hidrojeni hawalisemi kwa sauti. Katika mapishi yale ya «sukari na samadi», kazi ya samadi ni kama ile ya chachu. Chakula chenyewe ni sukari. Mavi peke yake yanatoa hidrojeni kidogo sana, kwa sababu tamu yote ya majani ng'ombe amekwisha kuichukua tumboni mwake. Kilichobaki ni nyuzi ngumu, ambazo vijidudu vya hidrojeni haviwezi kuzila haraka.

Basi swali la Miti linageuka: mavi tunayo, sukari tutaitoa wapi? Ile ya dukani watoto wanaitaka kwenye uji. Ndizi mbivu ni chakula, tena ni kasiksi, na kasiksi inalipa karo za shule. Masalio ya kiwanda cha sukari, yaani molasi, yangefaa kabisa, na jimbo letu lina kiwanda chake kule Kiliba, katika bonde la Ruzizi karibu na Uvira. Lakini kile kiwanda kilisimamishwa na vita vya miaka ya 1990, na kazi ya kukifufua imekuwa ya kusuasua. Hata molasi ingekuwepo, kuna zaidi ya kilomita 100 za barabara kati ya Kiliba na sisi, pamoja na milima ya Ngomo. Gari litakalopandisha molasi litakunywa mafuta mengi.

Kumbuka pia hali ya hewa yetu. Miti iko juu, zaidi ya mita 1 500, na usiku ni baridi. Tangi la hidrojeni linalodai digrii 35 mchana na usiku litataka moto wa kulipasha. Tutachoma makala ili tupate hidrojeni? Tangi la biogazi nalo linapungua nguvu wakati wa baridi, hatufichi. Lakini likichimbiwa ndani ya udongo linaendelea na kazi yake, polepole.

Halafu moto wenyewe. Hidrojeni haina harufu, na mwali wake karibu hauonekani mchana. Inapita kwenye tundu dogo ambalo gazi nyingine haipiti. Ikichanganyika na hewa inaweza kulipuka kuanzia sehemu 4 kwa 100 mpaka sehemu 75. Metani inalipuka kati ya sehemu 5 na 15, na biogazi inanuka yai bovu, kwa hiyo mama wa nyumba anajua mapema kwamba bomba limetoboka. Ili hidrojeni iwekwe katika gari, inashindiliwa kwa mkandamizo wa bar 350 ao 700. Mashine ya kazi hiyo inataka umeme usiokatika. Wakaaji wa Bukavu na Kabare, wenye kuishi na delestaje miaka yote hii ingawa barrage za Ruzizi ziko mlangoni petu, wanaelewa bila kuelezwa.

Majirani wamefanya nini

Tusitafute mfano mbali. Cyangugu iko ngambo ya Ruzizi, unaiona ukiwa Bukavu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 gereza la pale lilijengewa matangi ya biogazi na wataalamu wa taasisi ya KIST ya Kigali. Mavi ya wafungwa yaliingia tangini, gazi ikarudi jikoni, na kuni zikapungua. Kazi hiyo ilisambaa katika magereza mengine, na mwaka 2005 KIST ilipewa zawadi ya Ashden kule London.

Mwaka 2007 Rwanda ilianza mpango wa taifa wa biogazi kwa nyumba za wafugaji, kwa msaada wa serikali kwa kila tangi. Huko funzo lilikuwa chungu zaidi. Matangi mengi yalijengwa, mengi pia yakasimama. Kwa nini? Ng'ombe aliuzwa, ao maji yalikuwa mbali, ao kuta zilipasuka na fundi aliyejenga hakurudi tena. Tangi bila fundi ni shimo la simiti tu. Tena ni hatari: metani ikivuja angani inapasha dunia joto zaidi ya mara 25 kuliko gazi kaboniki.

Kule Tanzania, Hale katika mkoa wa Tanga, mabaki ya mkonge yaligeuzwa biogazi na umeme. Na Japani je, wenye pesa na umeme? Katika mji wa Shikaoi, kisiwa cha Hokkaido, wanatoa hidrojeni ya magari kutoka mavi ya ng'ombe. Lakini angalia namna wanavyofanya: wanaacha mavi yatoe metani kwanza, kisha wanaipasha metani pamoja na mvuke ili itoe hidrojeni. Hata wao hawakukata kazi katikati. Walianza na biogazi, hidrojeni ikaja juu yake.

Kinachochezwa hapa Miti

Miti ni njia panda. Hapa barabara ya Bunyakiri na Walikale inaachana na ile ya Kavumu na Katana. Ukiifuata ya kwanza unafika Tshivanga, mlango wa mbuga ya Kahuzi-Biega, iliyoundwa mwaka 1970, ikapanuliwa 1975 mpaka kilomita za mraba 6 000, ikaandikwa na UNESCO kati ya mali za dunia nzima mwaka 1980. Tangu 1997 iko katika orodha ya mali zilizo hatarini. Ukirudi upande mwingine unafika Bukavu, mji ambao nyumba karibu zote zinapika kwa babula. Makala ya mji huo yanataka miti, na kwa tanuri zetu za udongo kilo moja ya makala inakula kilo 7 za kuni ao zaidi.

Hatutaki kusema kwamba ugomvi wa pori ni wa makala tu. Wambuti wa Kahuzi, wale tunaowaita Batwa, walifukuzwa katika ardhi yao wakati mbuga inaundwa, na mwaka 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ilitangaza kwamba haki zao zilivunjwa. Vita navyo vina sehemu yake. Tangu Februari 2025, M23 ilipoingia Kavumu na Bukavu, kazi ya kila mtu imegeuka: mshahara, banki, barabara, walinzi wa mbuga. Lakini katika hali yoyote ile, jioni inafika na chungu lazima kichemke. Kama hakuna moto mwingine, pori ndilo linalipa.

Hapo ndipo tunapopima faida. Ng'ombe mmoja anayelishwa zizini anatoa kilo 10 za mavi kwa siku, pengine zaidi. Kilo 25 zikichanganywa na maji kiasi hicho hicho zinatoa karibu meta kyubu moja ya biogazi. Hiyo inawasha jiko moja kwa muda wa saa mbili na nusu hivi. Kwa nyumba ndogo ni chai ya asubuhi na sehemu kubwa ya chakula cha jioni. Na baada ya gazi kutoka, uji unaobaki ni mbolea nzuri kwa migomba, maharagi na mboga. Yale maji ya asidi ya tangi la hidrojeni huwezi kuyamwaga vile vile kwenye shamba ambalo udongo wake umechoka.

Kuko watu watakaosema: ng'ombe wenyewe wako wapi? Ni swali la haki. Vita vimepora zizi baada ya zizi tangu 1996, na katika Bushi ng'ombe ni mahari na ni heshima, hakuna anayemweka kwa ajili ya mavi. Nyumba nyingi zimebaki na mbuzi, nguruwe mmoja, kuku na simbiliki. Kwa nyumba kama hiyo, tangi la peke yake ni hasara: litagharimu mamia ya dola na halitashiba.

Ndiyo sababu sisi tunaona tangi la kwanza lisiende kwa mtu mmoja. Liende pale ambapo mavi yanakusanyika na chungu ni kikubwa: internat, hospitali, machinjio, soko, kambi. Mavi ya nguruwe yanafaa. Mavi ya watu yanafaa pia, Cyangugu walituonyesha, na aibu yake inaisha siku jiko linawaka. Mabaki ya kasiksi na maganda ya ndizi, ambayo bado yana utamu kidogo, yakitiwa kwa kiasi ndani ya tangi hilo yanaongeza gazi. Hiyo ndiyo nafasi nzuri ya sukari yetu, ile ambayo hakuna mtoto anayeikosa.

Na vijana wanaosikia raha ya hidrojeni tuwaambie nini?

Tusiwazime. Miti ina bahati ambayo vijiji vingi vya Kongo havina: INERA iko Mulungu, kituo cha utafiti kiko Lwiro, vyuo vikuu viko Bukavu. Hidrojeni ya uchachu ni kazi ya maabara hapa kwetu kama ilivyo bado kazi ya maabara katika nchi nyingi, na mwanafunzi anaweza kuianza na chupa, mavi yaliyochemshwa na maji ya ndizi. Tena njia mbili hizi zinaweza kuungana: tangi dogo la kwanza litoe hidrojeni, na asidi zake ziingie tangi la pili zitoe metani. Watafiti wanaifanya hivyo katika nchi mbalimbali. Lakini ona, hata hapo lazima tangi la pili liwepo, na liwe linafanya kazi. Anayejua kutunza biogazi leo ndiye ataweza hidrojeni siku moja.

Kwa hiyo mradi wowote utakaofika Kabare na jina zuri la hidrojeni, ao hata la biogazi, tuuulize maswali manne kabla ya kupiga makofi. Sukari ao mavi yatatoka wapi kila siku, pamoja na msimu wa kiangazi? Maji ya kuchanganya yako umbali gani, na nani atayabeba? Fundi wa kuziba ufa anakaa Miti, ao anakaa kwa mfadhili? Na ule uji wa mbolea utakuwa wa nani?

Mwaka 2022 Kinshasa ilitangaza tenda ya vitalu 3 vya gazi ya ziwa Kivu upande wetu. Rwanda, ambayo inatumia ziwa lile lile, ilikuwa imekwisha kuwasha KivuWatt ya megawati 26 pale Karongi tangu 2016. Hatuna sababu ya kungoja ziwa, na hatuna sababu ya kungoja hidrojeni. Fundi wa simiti yuko, mavi yako, Cyangugu ni ngambo ya mto. Wakubwa wa teritwari, mashirika na maparokia wenye shule na hospitali, ninyi mnaonunua makala kwa gunia kila juma: fanyeni hesabu ya franga mnazochoma kwa mwaka mmoja, halafu mwiteni fundi awape bei ya tangi.